Kamari ya pigo moja kwenye meza ya pool

Kubeti mubashara ni kuweka pesa mchezo ukiendelea: mpira huu atautumbukiza au atakosa? Kamari kwangu ni haramu, lakini hata anayeicheza na ajue anavyoibiwa. Pigo ni la mtu mmoja. Akilipotosha kidogo makusudi, nani atathibitisha? Ndiyo maana wachezaji wa kulipwa wa snuka hawaruhusiwi kubetia mchezo wao, na madau yasiyo ya kawaida huchunguzwa. Mwaka 2013 Stephen Lee wa Uingereza alifungiwa miaka 12. Mwaka 2023 wakaadhibiwa Wachina 10, Liang Wenbo na Li Hang wakafungiwa maisha. Kwenye meza za mtaani ninazozijua, anayeshika dau ndiye huyo huyo mwamuzi, na hachunguzwi na mtu.