Shela Kutoka Uingereza

SEHEMU YA KWANZA

"Fundi, hilo shela usilitie mkasi mpaka nilione kwa macho yangu," Bibi aliagiza kutoka barazani. Wanawake waliokuwa wakifunga zawadi sebuleni wakanyamaza wote.

Nilikuwa nimeitwa nipunguze kiuno tu. Nyumba yenyewe iko Msasani ya wavuvi, si ile ya maghorofa ya kule Peninsula. Mwali wa nyumba hiyo alikuwa akiolewa na kijana wa Kiingereza, mhandisi, aliyesilimu mwaka jana na kujifunza Kiswahili hadi cha kutaniana na wauza pweza. Ndoa ilikuwa Ijumaa msikitini, tafrija Jumamosi ukumbini. Shela la tafrija halikukodiwa Sinza wala Kariakoo. Lilitumwa na mama wa bwana harusi, ndani ya kasha la bati, na kila bibi harusi wa ukoo ule amewahi kulivaa tangu lilipoingia kanisani mara ya kwanza mwaka 1881.

Nimeshona mashela kwa miaka mingi, lakini la namna ile nilikuwa sijaligusa. Satini nzito iliyogeuka manjano kidogo kwa uzee, lesi ya mkono shingoni, mifupa ya kubana kiwiliwili, na nyuma kitambaa kimekusanywa kikatuna, kama walivyopenda mabibi wa enzi za Malkia Victoria. Huyo malkia ndiye aliyetuachia weupe huu. Februari 10, 1840 aliolewa na Albert akiwa amevaa satini nyeupe na lesi ya Honiton. Kabla yake, Mwingereza wa kawaida aliolewa na gauni lake zuri la rangi yoyote, akaendelea kulivaa hata baada ya harusi. Malkia alipovaa nyeupe matajiri wakamwiga, picha zikasambaa, na leo mwali wa Mbagala anaona haya kuingia ukumbini bila nyeupe. Wateja wangu huwa nawaeleza, maana mtu anastahili kujua anacholipia.

Bibi aliingia akiegemea mkongojo.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nionyeshe."

Nililigeuza ndani nje, ndivyo tunavyoisoma nguo. Mishono yote ilikuwa ya cherehani, midogo, iliyonyooka, ya fundi anayelijua soko lake. Upande wa kushoto wa pindo ndipo mambo yalipobadilika. Kiasi cha shubiri moja kilikuwa kimefumuliwa, kisha kikashonwa upya kwa mkono, kwa uzi wa pamba badala ya hariri, na mtu ambaye kazi yake haikuwa kushona. Hatua za sindano zilipishana, moja ndefu, moja fupi. Fundi wa gauni kama lile angefukuzwa kazi kwa mshono huo.

"Labda liliraruka wakicheza," alisema Shangazi yake mwali.

"Halikuraruka, Shangazi. Kitambaa ni kizima. Lilifumuliwa kwa makusudi."

Nikapitisha vidole juu ya bitana. Pale pale penye mshono mbaya, ndani ya pindo, kitu kilichakarika.

Mama yake mwali aliniangalia, kisha akamwangalia Bibi. Mwali mwenyewe, mikono imenyooshwa mbele kwa ajili ya hina, akasema tusiguse, ni mali ya watu, tumsubiri mama mkwe. Ndege yake ilikuwa inatua usiku ule ule.

Bibi aliketi kitandani, akalivuta pindo mapajani, akalinusa.

"Fumua," aliniambia.

SEHEMU YA PILI

Ilipoishia: fundi amehisi kitu ndani ya pindo la shela la mwaka 1881, na Bibi ameamuru lifumuliwe.

Ilikuwa karatasi moja, imekunjwa mara nne. Nilitarajia Kiingereza. Lakini mistari ilitoka kulia kwenda kushoto, herufi za Kiarabu kwa wino wa kahawia, na Bibi alipoanza kutamka, hakuna aliyehitaji mkalimani. Kilikuwa Kiswahili cha Unguja.

Alisoma mistari mitatu, akaiweka barua chini.

"Mnamjua Bibi Salme?"

"Yule aliyetoroka na Mjerumani?" Shangazi akajibu.

"Hivyo ndivyo mlivyobaki naye, kutoroka tu." Bibi alikasirika kweli. "Salme binti Said, amezaliwa jumba la Mtoni mwaka 1844. Nyumba yake ya mjini ilipakana na ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, wakaonana madarini, wakapendana. Aliposhika mimba, Sultani alikuwa kaka yake, Majid, huyo huyo aliyekuwa akiijenga Dar es Salaam hii mnayoishi. Akasaidiwa na mke wa daktari wa ubalozi wa Kiingereza. Usiku wa Siku ya Mwaka, Agosti 1866, wanawake wanashuka pwani kuoga, naye akashuka. Mashua ya manowari Highflyer ikamchukua."

Mwali alikuwa ameacha hina ikaukie ipendapo.

"Akasubiri Aden miezi na miezi. Mtoto akamzalia huko. Ruete alipofika, Mei 30, 1867, ndani ya kanisa la Waingereza, kwa siku hiyo moja akabatizwa Emily, akaozwa, akapandishwa meli ya Ulaya. Yule mtoto akafia njiani, Ufaransa. Mwaka 1870 mume akagongwa na tramu ya farasi Hamburg, akafa, akamwacha na watoto wengine watatu wadogo, na sheria ya kule ikamwekea wanaume wa kuwasimamia wanawe na mali. Nawauliza: siku ile kanisani, nani alisimama upande wake? Mama kafa. Somo hayupo. Wa kupiga kigelegele hayupo. Mwanamke akiozwa hivyo, siku ya shida hakuna wa kuvuka bahari akauliza, binti yetu mmemweka wapi?"

Mimi pia nimewahi kuwavika mashela wasichana waliokuja dukani peke yao, na hakuna kazi inayoniumiza kama hiyo. Nilielewa anakoelekea.

"Sasa huyu mwenye barua," Bibi aliichukua tena, "hata hilo kanisa la Aden hakulipata."

Aliisoma akifuatisha kidole. Mwandishi alikuwa mwanamke wa Unguja. Anayemwandikia alikuwa afisa wa London, manowari kuukuu iliyotia nanga mbele ya mji tangu 1874, mashua zake zikiwinda majahazi ya watumwa. Afisa alitamka shahada, sheikh akawaozesha mbele ya mashahidi wawili. Alipoitwa kwao aliahidi kurudi na kusi. Sasa mwanamke amesikia kwamba anaoa tena, harusi kubwa, kanisani. Haombi arudiwe. Anaomba jambo moja, mtoto wao wa kike ajulikane. Mjini watu wamezidi kumtazama macho, kwa hiyo atamvusha bara, kwa kaka yake mvuvi.

"Kaka yake anakaa wapi?" nikauliza.

Bibi hakuinua uso. "Msasani."

Kisha akalifikia jina la mtoto, na sauti ikamkatikia. Nilichungulia begani kwake. Za chuoni sijazisahau, na jina lenyewe halikuwa gumu. Lilikuwa limetapakaa chumba kizima, kwa herufi za dhahabu, juu ya kila kadi ya mwaliko iliyobaki mezani. Lilikuwa jina la mwali.

"Nilimpa mimi hilo jina," Bibi alisema. "La bibi yangu aliyenilea. Alikuwa na macho ya rangi ya maji ya Mbudya. Nikimwuliza baba yake nani, ananituma kisimani."

Mama yake mwali aliketi sakafuni. Shangazi, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, ndiye aliyeigeuza karatasi. Nyuma palikuwa na maandishi mengine, Kiingereza cha mkono uliolala, mistari imepandana. Alivaa miwani, akajaribu, akashindwa kila kitu isipokuwa herufi mbili za mwisho. Nilizitambua. Zimetariziwa ndani ya kifua cha shela, pale anapoweka alama mwenye nguo.

Bibi harusi wa mwaka 1881 aliipata barua hii. Aliijibu. Kisha akaishona ndani ya gauni lake mwenyewe, kwa mkono wake.

Honi ililia getini.

"Hodi!" Sauti ya mama mtu mzima, lafudhi ya mbali.

Hakuna aliyeitikia karibu. Aliingia peke yake, maana mwanawe alijua kwamba siku ile wanaume hawapiti. Bibi hakungoja salamu. Alimnyooshea karatasi. Yule mama aliipokea kwa mikono miwili, akatazama upande wa Kiingereza, wala hakuusoma. Akaketi mkekani, akazungumza taratibu, na mwali akatafsiri.

"Anasema... anajua. Anasema shela hili lilipumzishwa kabatini miaka arobaini. Alilituma kwa ajili ya kilichomo, si kwa ajili ya kuvaliwa."

"Mwulize," alisema Bibi, "aliyejibu barua aliandika nini? Na kwa nini haikutumwa?"

Mwali aliuliza. Mama mkwe alijibu kwa muda mrefu, akionyesha kwanza pindo, kisha Bibi, kisha dirisha la upande wa bahari.

Tulisubiri tafsiri. Mwali hakutafsiri neno. Aliipangusa hina mbichi kwenye kanga, akavua pete ya uchumba, akaiweka kiganjani mwa Bibi.

"Bibi," alisema, "hii ni yako. Na kuna nyingine."

Itaendelea Jumamosi ijayo.