HISTORIA: Asparaga, mboga ya Baghdad na Andalus, na subira ya mbegu yake



Ndugu wasomaji, katika kurasa za historia tumezoea kusoma habari za vita, watawala na wanazuoni. Leo tuzungumzie mboga. Ni asparaga, kile kichipukizi kirefu cha kijani kinachouzwa kwa mafungu madogo na bei kubwa katika maduka ya mijini. Waarabu huiita hilyawn, na watu wa Andalus waliiita isfaraj. Wengi wetu tunadhani ni chakula cha Wazungu peke yao. Tukifungua vitabu vya tarikh tunakuta Waislamu waliila, wakaitungia mashairi, na wakaitafuta kutoka nchi za mbali.

KHALIFA ANATAMANI MBOGA

Mwanahistoria al-Mas'udi, aliyefariki mwaka 956, ametusimulia kisa cha baraza la Khalifa al-Mustakfi wa Bani Abbas mjini Baghdad. Siku hiyo watu walikuwa wakisoma mashairi yanayosifu vyakula. Likasomwa shairi la Kushajim kuhusu asparaga. Khalifa alipolisikia alikiri kuwa kwa msimu ule asparaga kama hiyo haipatikani katika nchi yao, na kwamba itabidi aandikiwe al-Ikhshid, mtawala wa Misri na Sham, ailete kutoka Dimashq.

Tuzingatie jambo hili. Mtu mwenye cheo kikubwa kuliko wote katika mji ule anatamani mboga, na hana njia ila kumwandikia barua mtu mwingine. Al-Mustakfi alishika ukhalifa mwaka 944. Ilipofika Januari 946 Mabuwayhi walikwishamwondoa, na baadaye akapofushwa macho. Utawala wake haukutimia hata miaka miwili. Asparaga iliyopandwa kwa mbegu huanza kuvunwa mwaka wa tatu. Lau khalifa angeifukia mbegu siku aliyopewa bay'a, siku ya kuvuna angekuwa hayupo tena kwenye kiti.

ZIRYAB NA KOSA TUNALOLIRUDIA

Jina linalotajwa zaidi katika habari za asparaga ni la Ziryab, yaani Abu al-Hasan Ali bin Nafi'. Alitoka Baghdad, akapita Qayrawan, akafika Qurtuba mwaka 822, wakati wa Amir Abd al-Rahman wa Pili. Alikuwa mwimbaji mashuhuri. Hukumu ya muziki ina maneno marefu ya wanazuoni, na si mada yetu leo. Tunachokitaka ni kuwa watu wa Andalus walijifunza kwake pia adabu za mezani, mavazi na mapishi.

Mara nyingi husemwa kuwa Ziryab ndiye aliyeileta asparaga Ulaya. Hata sisi tumewahi kuwaambia vijana hivyo kwa kujivunia. Lakini tukimsoma al-Maqqari, aliyefariki mwaka 1632 na kukusanya habari za kale za Andalus, hasemi hivyo. Anasema Ziryab alikuwa wa kwanza kuichuma mboga hii, ambayo kwa lugha ya watu wa huko iliitwa isfaraj, na kwamba kabla yake hawakuijua. Sasa, ikiwa wenyeji walikuwa na jina lake, basi mmea ulikuwepo. Na Warumi, waliotawala nchi hiyo karne nyingi kabla ya Uislamu, walikuwa wakulima wa asparaga.

Kwa hiyo, kwa tunavyofahamu sisi, Ziryab hakuleta mbegu. Aliwaonyesha watu chakula kilichokuwa kikiota karibu nao. Hili halimpunguzii heshima. Na sisi Waislamu hatuna haja ya kuitukuza historia yetu kwa maneno yasiyo ya kweli. Ukweli wake unatutosha.

ELIMU HUPOKEZANWA

Maelezo ya zamani sana ya kupanda asparaga kwa mbegu aliyaandika Mrumi aitwaye Cato, aliyefariki mwaka 149 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Anaelekeza ardhi ilimwe vizuri, mbegu mbili tatu ziwekwe pamoja kwa mistari, magugu yang'olewe kwa uangalifu, na itumike samadi ya kondoo kwa kuwa samadi nyingine huleta magugu. Kuvuna kunangoja mwaka wa tatu au wa nne.

Waislamu wa Andalus nao waliiendeleza elimu ya kilimo. Ibn Bassal wa Tulaytula aliandika kwa uzoefu wa mikono yake mwenyewe, na Ibn al-Awwam wa Ishbiliya, katika karne ya 12, alieleza mimea 585 katika kitabu chake. Hawakuona aibu kunukuu kwa waliowatangulia, wawe Warumi, Wagiriki au Waarabu. Mwanafunzi wa leo ajifunze hapo.

TUKITAKA KUIPANDA NYUMBANI

Loweka mbegu kwenye maji siku nzima. Zipande kwenye kitalu, kina cha sentimita 2 hivi. Usikate tamaa haraka, kwani huchukua wiki 2 hadi 3 kuota, na penye baridi huchelewa zaidi. Miche ikae kitaluni karibu mwaka mmoja, kisha ihamishiwe kwenye mtaro wenye samadi iliyooza, nafasi ya sentimita 40 hivi kati ya mche na mche. Chagua mahali penye jua na pasipotuama maji, kwa sababu mizizi huoza upesi.

Miaka miwili ya kwanza usikate kitu. Acha machipukizi yawe majani membamba, maana hayo ndiyo yanayolisha mizizi. Mwaka wa tatu vuna kwa wiki chache tu, kisha uuache mmea upumzike. Kwenye nchi zisizo na majira ya baridi, kama zetu, kupunguza maji wakati wa kiangazi huupa mmea mapumziko hayo. Ukitunzwa, huzaa miaka 15 au zaidi. Mimea ya kike hutoa vitunda vyekundu ambavyo ndani yake mna mbegu. Waonyeni watoto wasivile, vinadhuru tumbo.

Tukumbuke pia kuwa Afrika ina aina nyingi za asparaga za porini. Moja yao, yenye majani mepesi kama nyuzi, ndiyo hiyo wauza maua wanaichanganya kwenye mashada ya harusi. Si ya kuliwa ovyo, lakini inatuonyesha kuwa ukoo wa mmea huu si mgeni kwetu.

MWISHO

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Mwislamu anapopanda, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Hakuweka sharti kwamba mpandaji mwenyewe awahi kula. Mzazi akifukia mbegu hii pamoja na mwanawe wa miaka saba, mtoto atavuna akiwa na miaka kumi, na huenda akaendelea kuvuna akiwa na nyumba yake. Mvumilivu hula mbivu, na asipowahi kula yeye, watakula wanawe.

Wabillahi tawfiq.