Babu, Reli na Riwaya Yangu

Mwaka mpya ukiingia kila kijana anayejiita mwandishi hutoa ahadi. Mimi nimeshatoa mara tatu. Mwaka wa kwanza niliahidi riwaya nzima, nikaishia ukurasa wa 11. Mwaka wa pili nilifika ukurasa wa 40, mvua ya masika ikapenya kwenye bati, daftari likalowa na wino wote ukayeyuka. Mwaka wa tatu sikuandika hata mstari, nilikuwa kibarua kwenye mashamba ya mpunga ya watu. Mara hii nataka nieleze kwanza kwa nini riwaya yenyewe haiwezi kungoja.

Mimi ni mzaliwa wa Ifakara. Shule niliishia kidato cha nne. Kama vijana wengi, nilianza kuandika mambo ya Dar es Salaam, maghorofa na mapenzi ya mjini, na Dar yenyewe nimefika mara mbili tu! Mhusika wangu alikuwa anapapasa Kariakoo kama kipofu, kwa kuwa mwandishi wake hajui njia. Siku moja babu akaniomba nimsomee. Alisikiliza hadi mwisho, akacheka, akaniuliza, "Mume mwenzangu, kwani hapa Kilombero hakujawahi kutokea jambo?"

Swali lile lilinichoma. Hebu tuangalie. Agosti 30, 1905 wapiganaji wa Majimaji, Wapogoro na Wambunga wakiwamo, walilivamia boma la Wajerumani kule Mahenge, wakafyekwa kwa bunduki za rashasha. Vita vikaisha 1907, na nyuma yake ikabaki njaa iliyoua wengi kuliko risasi. Kuna na mto wenyewe, ambao tumeuvuka kwa mitumbwi na kwa pantoni miaka nenda rudi. Januari 2016 kivuko kilipinduka. Mwaka 2018 likafunguliwa daraja la mita 384, na leo mtoto mdogo anavuka kwa baiskeli huku anapiga mluzi. Jamani, hayo si mambo?

Lakini jambo la babu ni reli. Zambia ilikuwa inatafuta njia ya kupitishia shaba yake bila kuwapigia magoti walowezi wa Rhodesia. Nchi za Magharibi zilisema mradi hauna faida, China ikatoa mkopo usio na riba. Kati ya 1970 na 1975 zikatandikwa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, nazo zikapita hapa bondeni kwetu. Babu alikuwa kijana wa miaka 19, akaenda kuomba kazi. Alianza kwa kufyeka pori, akaendelea hadi milimani, ng'ambo ya Mlimba kuelekea Makambako. Kipande hicho ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote. Ni mahandaki na madaraja, na matope yanayomeza magurudumu.

Vitabu vya historia vinazitaja kilomita hizo. Havisemi vibarua walilala wapi, wala waliwekaje akiba kwenye kopo la maziwa, wala waliongeaje na fundi wa Kichina ambaye Kiswahili chake kilikuwa maneno kumi. Babu anasema waliongea kwa nyundo. Hayo ndiyo ninayoyataka mimi.

Na hapa ndipo pana tatizo. Babu ameanza kusahau. Juzi nilipomwamkia "Shikamoo babu," aliitikia marahaba, kisha akaniita kwa jina la baba mdogo, ambaye ni marehemu. Nikaitika. Ningefanyaje? Usiku sikulala. Nilihesabu ahadi zangu tatu nikaona nimemwibia mzee miaka mitatu.

Huwa namfikiria Aniceti Kitereza, mzee wa Ukerewe aliyezaliwa 1896. Alimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, wakati nchi bado ni ya Waingereza. Hakupata wa kuichapisha kwa lugha hiyo. Akiwa mzee, akaketi tena akaitafsiri yote kwa Kiswahili kwa mkono wake. Tanzania Publishing House waliitoa mwaka 1980, ikachapwa China, huko huko walikotoka mafundi wa reli yetu. Mzee akafariki 1981 kabla hajakishika kitabu chake. Miaka 35! Wengine wakisikia habari hii hukata tamaa. Mimi hunipa nguvu, kwa sababu kuchelewa kulikuwa kwa wachapaji. Yeye kazi yake alikuwa ameshaimaliza.

Basi mpango wangu ni huu, nao unafuata mpunga. Januari na Februari, jioni tukitoka kupalilia, nitakaa na babu. Yeye atasema, nami nitaandika, hata akirudia jambo moja mara tano. Machi hadi Mei bonde likifurika na vibarua vikipungua, nitaandika kurasa mbili kila siku, na daftari litakaa ndani ya mfuko wa nailoni. Wakati wa kulinda ndege nitasahihisha nikiwa juu ya dungu, manati pembeni. Mavuno yakitoka, gunia moja litauzwa kwa ajili ya kuchapishia kwenye kompyuta mjini. Mama ameshakubali, ila kanisisitiza, moja tu.

Sijui kama mchapishaji atapatikana. Hilo haliko mikononi mwangu. Ninachotaka ni kwamba mwaka ukiisha nimsomee babu sura ya kwanza, na yeye ajitambue ndani yake. Hata akiniita kwa jina la marehemu, sawa, mradi acheke pale kwenye nyundo.

Nawe mwandishi mwenzangu, una mzee gani nyumbani? Mwulize leo. Daftari litapatikana.