Subira na Ngojangoja: Historia ya Masoko ya Hisa Yaliyokauka kwa Miaka

Methali mbili za Kiswahili hazikai chungu kimoja. Ya kwanza yasema subira yavuta heri. Ya pili yajibu kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Wazee hawakuona haja ya kuzipatanisha, kwa kuwa kila moja ilitolewa siku yake ilipofika. Tabu ya mwenye hisa ni hiyo hasa: bei zikishuka mwaka wa kwanza, wa pili, hata wa tano, hajui leo ni siku ya methali ipi.

Watu wa hisa nao wana kambi mbili. Wapima majira huamini kwamba soko ni kama bahari: mwenye macho huuza kabla mawimbi hayajainuka, hukaa nje, hurudi maji yakitulia. Washikiliaji hujibu kwamba mawimbi ya soko hayana kalenda ya kusi na kaskazi. Nunua kampuni nzuri, kaa nazo, pokea gawio, miaka itafanya iliyobaki. Soko likipanda, kila mmoja huonekana ana akili. Ukame mrefu ndio unaowapima. Makala haya yanautazama ukame wa namna hiyo katika miji mitatu: New York kuanzia 1929, Tokyo kuanzia 1989, na Nairobi kuanzia 1994.

New York: robo karne ya kurudi mwanzo

Tarehe 3 Septemba 1929 fahirisi ya Dow Jones, inayopima bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilifunga kwenye pointi 381.17. Wiki chache baadaye Irving Fisher wa Chuo Kikuu cha Yale, mchumi aliyesikilizwa sana wakati ule, alitamka hadharani kwamba bei za hisa zimefika juu na zinaelekea kubaki huko. Oktoba 28 soko likaporomoka kwa karibu asilimia 13. Kesho yake likaporomoka tena kwa karibu asilimia 12.

Siku hizo mbili ndizo zilizoingia vitabuni, lakini wengi walimalizwa na kupanda kulikofuata. Kati ya Novemba 1929 na Aprili 1930 fahirisi ilipanda kwa karibu nusu. Waliokuwa nje wakaona dhoruba imepita, wakarudi na akiba zao. Kisha bei zikaanza kuteremka upya, safari hii polepole, mwezi baada ya mwezi, hadi Julai 8, 1932, siku fahirisi ilipofunga kwenye 41.22. Katika kila dola 100 za Septemba 1929 zilibaki kama dola 11.

Bingwa wa wapima majira enzi hizo alikuwa Jesse Livermore. Kabla ya anguko la 1929 aliuza hisa za kuazima, akitarajia kuzinunua tena kwa bei ya chini, na inasimuliwa kwamba alivuna kiasi cha dola milioni 100. Alikuwa amepatia kuliko karibu kila mtu duniani. Miaka mitano baadaye, 1934, alitangazwa mufilisi, na Novemba 1940 akajiua. Kupatia mara moja hakukumfundisha kupatia mara ya pili.

Washikiliaji nao walingoja. Dow Jones haikurudi kwenye 381 mpaka Novemba 23, 1954. Fahirisi hiyo haihesabu gawio, na katika miaka ile bei za bidhaa zilishuka pia, kwa hiyo dola moja ilinunua zaidi. Ukiyaweka yote hayo kwenye mizani, aliyekuwa na kapu pana la hisa na kulirudisha gawio lake sokoni alifika alipoanzia mapema zaidi, kabla miaka ya 1930 haijaisha.

Mshikiliaji huyo, hata hivyo, ni wa kwenye hesabu. Wanunuzi wengi wa 1929 walinunua kwa mkopo wa dalali. Bei iliposhuka dalali akadai nyongeza, na asiyekuwa nayo hisa zake ziliuzwa siku hiyo hiyo. Mwingine alinunua kwa fedha yake halali, kisha akapoteza kazi. Mwaka 1933 mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini Marekani hakuwa na ajira. Mtu wa namna hiyo aliuza ili watoto wale, na hapakuwa na nadharia ya kumzuia.

Mtu wa kambi zote mbili

Mwingereza John Maynard Keynes alipitia kambi zote mbili, na hesabu zake zimehifadhiwa. Alikuwa mweka hazina wa King's College, Cambridge, tangu 1924 hadi alipofariki 1946. Miaka ya mwanzo alikuwa mpima majira kamili: alinunua hisa alipoona uchumi unaelekea kupanda na kuziuza alipoona unaelekea kushuka. Ukitafuta mtu aliyefaa kwa kazi hiyo hukosi kumtaja yeye. Aliwahi kufanya kazi katika Hazina ya Uingereza, aliandika vitabu juu ya fedha, na alijuana na wakuu wa mabenki. Hata hivyo 1929 ilimkuta ndani kama ilivyowakuta wauza maziwa wa New York, na mali yake binafsi ikaliwa na biashara ya kubahatisha bei za bidhaa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 akabadili mwendo. Alichagua kampuni chache alizozielewa, akazinunua zikiwa rahisi, akakaa nazo miaka hata watu walipozikimbia. Mwaka 1938, soko likiwa limeanguka tena, aliwaandikia wenzake chuoni waraka uliokiri kwamba hakuweza kufaidika kwa kuingia na kutoka sokoni kulingana na majira ya uchumi. Watafiti waliozifukua daftari za chuo wamethibitisha kwamba mwendo wa pili ulilipa vizuri kuliko wa kwanza.

Tusimkabidhi mshikiliaji kombe bado. King's College kilianzishwa 1441. Chuo hakizeeki, hakiugui, hakina mtoto wa kupeleka shule Januari. Keynes aliweza kuvumilia kwa sababu mwenye fedha hakuwa akizihitaji kesho.

Tokyo: aliyenunua kijana akavuna mzee

Siku ya mwisho ya biashara mwaka 1989, Desemba 29, fahirisi ya Nikkei ilifunga kwenye 38,915. Wajapani walikuwa wamenunua hisa kwa pupa. Kampuni ya simu ya NTT, iliyoingizwa sokoni na serikali Februari 1987 kwa takriban yeni milioni 1.2 kwa hisa moja, ilivuka yeni milioni 3 kufikia Aprili. Benki Kuu ilipopandisha riba, kamba ikakatika.

Ukame wa Tokyo ulikuwa na mvua za kudanganya. Nyingine zilidumu miezi, nyingine miaka. Kati ya 2003 na 2007 Nikkei ilipanda zaidi ya mara mbili, na wapima majira wengi wakatangaza kwamba kiangazi kimekwisha. Machi 10, 2009 ilifunga kwenye 7,054. Kilele cha 1989 hakikupitwa mpaka Februari 22, 2024. Mtu aliyenunua akiwa na miaka 30 alikuwa na miaka 64.

Lakini ni nani hununua mara moja tu maishani, tena siku ya kilele? Chukua mtu anayeweka shilingi 1,000 kila mara. Hisa ikiwa 50 anapata 20. Ikishuka hadi 25 anapata 40, ikishuka hadi 10 anapata 100, ikipanda hadi 25 anapata 40 nyingine. Ametoa shilingi 4,000, ana hisa 200, na kwa bei ya 25 zina thamani ya shilingi 5,000. Hisa ni nusu ya bei ya mwanzo, na yeye yuko kwenye faida. Sharti la hesabu hii ni moja: katika miaka ya bei ya 10, awe bado ana shilingi 1,000 za kuweka.

Nairobi: kutoka chai hadi ubao

Soko la hisa la Nairobi lilisajiliwa 1954 kama chama cha hiari cha madalali. Hapakuwa na ukumbi. Walikutana katika hoteli ya New Stanley, wakapeana bei wakinywa chai. Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kununua mpaka baada ya uhuru wa 1963. Wananchi walianza kuvutwa serikali ilipouza sehemu ya mali yake, kwa kuanzia na asilimia 20 ya Kenya Commercial Bank mwaka 1988. Mwaka 1991 enzi ya chai ikaisha: madalali wakahamia ukumbini, wakawa wanatajiana bei kwa sauti na kuziandika ubaoni.

Februari 18, 1994 fahirisi ya kampuni 20 ilifika pointi 5,030. IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulikia sekta binafsi, lililitaja soko hili kuwa lililofanya vizuri kuliko yote duniani, kwa faida ya asilimia 179 kwa hesabu ya dola. Mwaka uliofuata wawekezaji wa kigeni wakafunguliwa mlango. Walikuta karamu imekwisha.

Misiba ikaja mmoja nyuma ya mwingine: mikopo ya nje ilisitishwa 1997, mabenki kadhaa yalifungwa 1998, bomu lililolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani Agosti mwaka huo huo likaua watu zaidi ya 200, kisha ukame wa mvua ukaleta mgawo wa umeme. Desemba 2002 fahirisi ilikuwa 1,363. Ili kurudi kwenye 5,030 ilihitaji kukua karibu mara nne.

Washikiliaji walikuwepo kwa maelfu, ila tuwatazame kwa karibu. Kabla ya daftari la kielektroniki kuanza Novemba 2004, hisa ilikuwa karatasi: cheti chenye mhuri, kikilazwa ndani ya sanduku la bati pamoja na hati ya shamba na vyeti vya kuzaliwa. Kuuza kulitaka kukitoa cheti, kujaza fomu ya uhamisho, kukipeleka kwa dalali na kungoja wiki. Mwalimu wa kijijini mwenye hisa 300 hakuwa amefikia uamuzi wowote juu ya muda mrefu au mfupi. Nauli na usumbufu ndivyo vilivyomfanya mshikiliaji.

Wapima majira walikuwa na pa kukimbilia. Hati za Hazina za siku 91, ambazo mwaka 1993 zilivuka riba ya asilimia 70, bado zililipa zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka kati ya 1996 na 1998. Aliyeuza hisa mapema akaikopesha serikali alilala usingizi, na tusione haya kusema kwamba miaka ile yeye ndiye aliyekuwa na akili.

Kisha ikaja zamu yake ya kukosea. Uchaguzi wa Desemba 2002 ulibadili serikali, riba ya hati hizo ikaanguka chini ya asilimia 2 mwaka 2003, na fahirisi ikafunga mwaka huo kwenye 2,738, mara mbili ya ilivyokuwa miezi 12 nyuma. Hakuna kengele iliyopigwa. Aliyengoja uthibitisho alinunua kwa bei maradufu. Januari 2007 fahirisi ilifika 6,161, na mshikiliaji wa 1994 akawa amerudishiwa pointi zake baada ya zaidi ya miaka 12, ingawa shilingi ya 2007 haikununua ilichonunua ile ya 1994.

Na huo haukuwa mwisho wa hadithi. Mwishoni mwa 2023 fahirisi hiyo hiyo ilikuwa karibu 1,500, jirani kabisa na ilipokuwa 2002.

Umeshika nini?

Nairobi inafundisha jambo ambalo fahirisi hulificha. Mwaka 1996 zaidi ya watu 110,000 walinunua hisa za Kenya Airways kwa shilingi 11.25. Mwaka 2006 bei ilivuka shilingi 100. Aliyeendelea kushikilia kwa jina la subira aliishuhudia ikiteremka hadi shilingi chache, na Julai 2020 biashara ya hisa hizo ikasimamishwa kwa miaka kadhaa. Mumias, kampuni ya sukari iliyoingia sokoni 2001, iliishia mikononi mwa mfilisi mwaka 2019.

Safaricom ilipita njia nyingine. Mwaka 2008 Wakenya zaidi ya 800,000 walipanga foleni kununua kwa shilingi 5, wengi wao kwa mkopo wa benki. Kufikia mwanzo wa 2009 hisa ilikuwa chini ya shilingi 3, na mkopo ukidai marejesho kila mwezi. Wakauza. Agosti 2021 hisa hiyo ilikaribia shilingi 45. Waliouza kwa 3 walikuwa wamepatia kampuni. Walichokosea ni chanzo cha fedha.

Kwa hiyo hukumu ya historia si kwamba kambi fulani imeshinda. Livermore alipima majira akapatia, kisha akafilisika. Mshikiliaji wa Mumias alisubiri, akabaki na karatasi. Waliovuka ukame wakafika salama walifanana katika mambo matatu: walikuwa na kapu la kampuni nyingi badala ya moja, waliongeza kidogo kidogo hata bei zilipochukiza, na chakula chao hakikutegemea soko. Hilo la tatu ndilo linalobeba mengine mawili, maana mwenye njaa hawezi kuongeza wala kungoja.

Basi msomaji, kabla hujauliza bei ya hisa itakuwa ngapi mwakani, uliza karo ya mwakani itatoka wapi. Kama jibu ni kwenye hisa hizo hizo, usizinunue.