Bi Hawa alitufungulia mlango, yeye akabaki nje

Ndugu msomaji, juma hili tuzungumze habari ya nyumba. Si ya kupanga wala ya kurithi, bali ile ambayo mume na mke wameijenga wakiwa pamoja, kisha ndoa ikavunjika.

Mwaka 1989 nilikuwa mtoto wa miaka kumi, nyumbani kwetu Magomeni, Dar es Salaam. Jirani yetu, mama mmoja muuza vitumbua, alipewa talaka baada ya kukaa na mumewe miaka mingi. Mama yangu alinituma nikamsaidie kubeba vyombo: sanduku la nguo, cherehani, sufuria mbili na chuma chake cha vitumbua. Mama akamwuliza mzee mmoja wa mtaa aliyekuwapo, "Na nyumba je, mzee wangu?" Yule mzee akajibu kwa upole kabisa, "Nyumba, mwanangu, ni ya mwenye jina kwenye hati." Yakaisha hapo.

Hayakuisha yote. Juma lililofuata mwenye duka alimfuata yule mama huko alikohamia, daftari mkononi, akidai bei ya unga na mafuta yaliyoliwa na watu wote wa nyumba ile. Nyumba ikawa ya mume, na deni la jikoni likawa la mke.

Nilipokuwa mwandishi wa habari ndipo nilipogundua jambo lililonikosesha usingizi. Siku ile tulipobeba lile sanduku, jibu la mzee wetu lilikuwa limekwisha kukataliwa na mahakama ya juu kabisa nchini miaka sita nyuma. Hukumu ilikuwapo, ila haikuwa imefika Magomeni.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1971 Tanzania Bara ilianza kutumia Sheria ya Ndoa, iliyowaweka chini ya paa moja watu wa mila, Waislamu, Wakristo na waliofunga ndoa serikalini. Kifungu cha 114 kiliipa mahakama uwezo wa kugawa mali ambayo wanandoa wameichuma kwa juhudi zao za pamoja. Hakimu aliambiwa aangalie mambo manne: mila za jamii yao, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo. Akishayapima hayo, mizani yake ielekee kwenye usawa.

Ugomvi ulikuwa katika neno moja: kazi. Je, kupika, kufua, kulea na kuuguza ni kazi ya kuchuma mali? Majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika. Wapo waliosema hapana, huo ni wajibu wa mke, na malipo yake ni matunzo anayopewa na mumewe. Wapo waliosema ndiyo, maana mume asingeweza kwenda kutafuta fedha kwa utulivu kama nyumbani hakuna mtu.

Mwaka 1983 shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif lilifika Mahakama ya Rufani. Mume alikuwa baharia, mke alikuwa mama wa nyumbani. Jaji Mkuu Francis Nyalali ndiye aliyesoma uamuzi. Mahakama ilijiuliza: Bunge lilitaka kuponya ugonjwa gani lilipotunga sheria hii? Ikaona kwamba ugonjwa wenyewe ni ule wa jadi wa mke kunyonywa na kukandamizwa na mumewe. Kwa hiyo ikaamua kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Mahakama zote za chini zikapaswa kufuata hivyo.

Hapa ndipo watu wengi wanapoishia kusimulia. Nimewasikia kina mama, na hata baadhi ya wasomi, wakisema, "Bi Hawa alishinda." Ndugu msomaji, Bi Hawa hakushinda. Mahakama ilikubali kwamba mumewe alikuwa amempa fedha za mradi wa kuinua familia, na kwamba alizitapanya. Ikasema utapanyaji huo umeumeza mchango wake wa kazi za nyumbani. Rufani ikatupwa. Mama aliyewafungulia wenzake mlango yeye mwenyewe alibaki nje.

Kwa nini nalisema hili? Kwa sababu nusu ya habari ni hatari kuliko kutojua. Mtu anayeamini kwamba mahakama hugawa mali nusu kwa nusu kama mkate atafika kizimbani bila ushahidi, ashangae akipewa kidogo. Hukumu ile ilisema jasho la jikoni linahesabiwa. Ilisema pia kwamba hesabu ina pande mbili, ya kujenga na ya kubomoa. Kama mke aliyetapanya hupunguziwa, basi haki inadai mume mtapanyaji naye apimwe kwa kibaba hicho hicho.

Na madeni ni vivyo hivyo. Sheria ya 1971 ilitaja deni lililokopwa kwa manufaa ya wote wawili. Mkopo wa bati na saruji ya nyumba ya familia ni mzigo wa wawili, hata kama aliyetia saini ni mmoja. Deni la baa si la namna hiyo. Kwa kipimo hicho, daftari la yule mwenye duka lilikuwa la mume na mke pamoja, na jirani yetu hakustahili kulibeba peke yake kichwani juu ya sanduku lake.

Jambo la mwisho. Uwezo huu wa kugawa mali sheria iliupa mahakama, inapotoa amri ya talaka au ya kutengana, au baadaye. Talaka ya barazani ikiishia barazani, nyumba itabaki kwa mwenye hati, kama alivyosema mzee wetu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi risiti ya bati iwekwe, karatasi ya mkopo iwekwe, na aliyeuza vitumbua ili mafundi walipwe aandike tarehe na kiasi. Si kwa kutakiana mabaya. Wanaopendana ndio hasa wanaoweza kuandikiana bila ugomvi.

Yule jirani yetu alifariki akiwa mpangaji wa chumba kimoja. Hakupata kulisikia jina la Bi Hawa. Wewe umekwisha kulisikia. Mweleze na jirani yako, tena umweleze lote.