Kwa nini walimfukuza Kalulu mlimani?



Mwezi wa kwanza wa mwaka 2023, kaka yangu mukubwa anayeishi Florida na familia yake alinitumia video kwa WhatsApp. Ndani ya ile video, binti yake wa miaka tisa amekaa ndani ya mtumbwi uliotengenezwa mfano wa gogo. Mtumbwi unapanda juu ya mlima wa bandia, unasimama kidogo, halafu unaanguka na maji yanaruka kila upande. Mtoto analia na kucheka pamoja. Mwisho anageukia telefone na kuniuliza: "Baba mudogo, huyu sungura si ndiye Kalulu wa nkambo?"

Nilibaki kimya. Mtoto huyu alizaliwa mbali na Lubumbashi. Hadithi za Kalulu alizipata kwa baba yake, na baba yake alizipata pale tulipozipata sisi wote wa nyumba yetu, karibu na moto wa nkambo. Na jibu lilikuwa ndiyo. Alikuwa ni yeye kabisa.

Siku chache baadaye, jioni ya tarehe 22 Januari, ule mchezo ulifungwa. Unaitwa Splash Mountain. Watu walisimama kwenye mstari saa nyingi kwa kupanda mara ya mwisho. Wengine walichota maji ya mfereji ndani ya chupa na kuyauza kwa intaneti. Ninyi mnaojua shida ya maji kwetu, semeni wenyewe! Binti wa kaka alilia. Kaka, yeye, alifurahi. Alisema: "Kile kitu kilikuwa aibu, walichelewa kukifunga." Tukabishana kwa simu mpaka yuniti zikaisha. Ni yale mabishano yaliyonituma kutafuta historia yake, na leo nawaletea nilichokipata.

Kwanza, tujue kwa nini hawa wenye bustani kubwa za michezo wanafunga mchezo ambao watu bado wanaupenda. Mtu atafikiri ni wazimu: kitu kinaleta watu, wewe unakibomoa? Lakini sababu ziko, na mara nyingi ni tatu.

Ya kwanza ni chuma. Chuma kinachoka, vipuri vinakosekana, mafundi wanatumika usiku kucha ili asubuhi mashine itembee. Disney World ya Florida, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilikuwa na mchezo wa nyambizi, wenye jina la kitabu cha Jules Verne. Ziwa lake la bandia lilishika karibu lita milioni 43 za maji. Watoto waliupenda sana. Lakini kuwaingiza na kuwatoa watu kulichukua muda mrefu, na matengenezo ya nyambizi pamoja na lile ziwa yalikula pesa. Mwaka 1994 walisema wanaufunga kwa muda. Ule muda haukuisha hata leo. Hata huko New Jersey, Kingda Ka, mnara wa chuma wa mita 139 ulioanza mwaka 2005, ulikuwa unaharibika mara kwa mara. Ulifungwa mwaka 2024, na mwezi wa pili wa 2025 wakauangusha kwa baruti.

Sababu ya pili ni nafasi na pesa. Bustani ina mipaka yake, na kila mwaka wageni wanauliza: kipya ni nini? Mchezo mzee unakaa juu ya udongo ambao mchezo mupya unautamani. Mwaka 1998, hapo hapo Florida, walifunga mchezo wa Mr. Toad, yule chura wa hadithi ya Kiingereza anayeendesha gari kama mlevi. Wapenzi wake walivaa fulana na kukusanyika ndani ya bustani wakiomba aachwe. Bure. Mwaka uliofuata nafasi yake ilichukuliwa na dubu Winnie the Pooh, ambaye sura yake inauza vitu vingi vya watoto. Lakini wale mafundi walifanya kitu kimoja kilichonichekesha: ndani ya mchezo mupya waliweka picha ya yule chura akimkabidhi bundi hati ya nyumba. Yaani hata kule, parsele haihami mikono bila hati! Kumbukeni hii hati, nitairudilia.

Sababu ya tatu ndiyo nzito. Ni pale ambapo chuma bado kizima, watu bado wanajaa, lakini hadithi iliyo ndani imeoza. Hapo ndipo tunafika kwa Kalulu.

Splash Mountain ilianza California, ndani ya Disneyland, mwaka 1989. Aliyeiwaza ni Tony Baxter, mwaka 1983, akiwa amekwama na gari lake barabarani, foleni haitembei. Alikuwa na matatizo mawili. Upande mmoja wa bustani ulikuwa haupati watu. Na upande mwingine kulikuwa mchezo uitwao America Sings, uliofunguliwa mwaka 1974, wenye masanamu ya wanyama yanayoimba na kutikisa vichwa kwa mashine, nao ulikuwa umepoteza wageni. Baxter aliunganisha yote: mlima wa maji upande ule mtupu, na ndani yake wale wanyama wa America Sings. Huo ulifungwa mwaka 1988, na zaidi ya masanamu mia moja yakahamia mlimani. Basi, angalieni: huu mchezo uliolilia dunia mzima ulijengwa na viungo vya mchezo mwingine uliouawa. Hakuna mtu aliyechota maji siku ile.

Hadithi ya kuweka mlimani aliipata katika filamu ya Disney ya mwaka 1946, Song of the South. Hapa ndipo kaka yangu ana haki. Filamu ile inaonyesha mzee mweusi, Uncle Remus, katika shamba kubwa la Georgia baada ya utumwa kukomeshwa, akimsimulia mtoto wa kizungu hadithi za sungura. Kila mtu anacheka, kila mtu anaimba, kama vile hakuna mtu aliyepigwa fimbo pale hata siku moja. Tangu ilipotoka, chama cha NAACP kiliilalamikia juu ya hiyo sura ya uongo. James Baskett, aliyecheza Uncle Remus, hakuweza kuhudhuria onyesho la kwanza mjini Atlanta, juu mji ule ulikuwa unawatenga weusi. Mwaka 1948 walimpa Oscar ya heshima, na mwaka huo huo akafariki. Disney wenyewe hawakuthubutu kuiuza filamu hiyo kwa kaseti wala DVD huko Marekani. Mara ya mwisho kuionyesha katika sinema zao ilikuwa mwaka 1986. Miaka mitatu tu baadaye wakawajengea mlima wanyama wa ndani ya filamu ile ile waliyoificha. Walimwondoa Uncle Remus, na mdoli wa lami wakaweka asali mahali pake, wakafikiri harufu itakwisha.

Haikuisha. Tarehe 25 Mei 2020 George Floyd aliuawa na polisi Minneapolis. Watu wakaanza kuangalia sanamu, majina, nyimbo, na wengine wakaandika ombi kwamba Splash Mountain ibadilishwe. Tarehe 25 Juni, mwezi mmoja kamili, Disney walitangaza kwamba mlima utabaki lakini hadithi itabadilika. Walisema kazi hiyo walikuwa wameianza tangu mwaka uliotangulia. Florida ilifungwa mwezi wa kwanza wa 2023, California mwezi wa tano. Mwaka 2024 zote mbili zilifunguliwa upya na jina la Tiana, binti mweusi wa New Orleans kutoka filamu ya mwaka 2009. Mifereji ni ile ile, lile poromoko ni lile lile. Tokyo walibaki na mlima wao wa zamani, kule mwenye bustani ni kampuni nyingine ya Kijapani.

Mpaka hapo, kaka ameshinda. Lakini swali la mtoto bado liko palepale. Sungura yule ni wa nani?

Jina linalotajwa kwa kawaida ni Joel Chandler Harris, mwandishi mzungu wa Georgia, aliyetoa kitabu chake cha kwanza cha Uncle Remus mwaka 1880. Lakini Harris hakuvitunga vile visa. Alipokuwa kijana, akifanya kazi ya kupanga herufi za gazeti kwenye shamba moja, alikaa katika nyumba za watumwa na kusikiliza wazee. Wazee wale, au wazazi wao, walitoka Afrika. Mwandishi mweusi Alice Walker, aliyezaliwa katika mji ule ule wa Eatonton, amesema wazi kwamba Harris aliwaibia urithi wao.

Mnajua kisa cha mdoli wa lami. Sungura anampiga ngumi, ngumi inashika. Anampiga teke, mguu unashika. Kwa nkambo haikuwa lami. Wanyama walichimba kisima, Kalulu akakataa kufanya kazi, usiku akaja kuiba maji. Basi kobe akajipaka ulimbo mgongoni, akajificha majini kama jiwe. Kalulu akakanyaga, akashikwa mguu, akapiga na mkono, mkono ukashikwa. Na mnajua kile cha yule anayeomba asitupwe mahali anapopataka. Kwa nkambo alikuwa kobe: "Munichome na moto, munipasue na shoka, lakini mu mayi hapana!" Wajinga wakamtupa majini. Kule Georgia ni sungura anayeomba asitupwe kwenye miiba, na miiba ndiko alikozaliwa. Lile poromoko la Splash Mountain, pale mtumbwi unapoanguka na watoto wanapiga kelele, lilikuwa hicho kisa chenyewe: sungura anatupwa kwenye miiba na anapona.

Fikirini mtu aliyefungwa minyororo akikisimulia kisa hicho mbele ya bwana wake. Bwana anacheka, anasikia kichekesho cha wanyama. Watoto wa mtumwa wanasikia kitu kingine: mdogo anaweza kumshinda mkubwa kwa akili. Kisa kile kilivuka bahari bila pasipoti, kikapita mikono ya Harris, mikono ya Disney, mikono ya Baxter, mpaka kikamrudilia binti wa kaka yangu ndani ya mtumbwi wa plastiki, na akakitambua.

Kwa hiyo nilimwambia kaka: walikuwa na haki kufunga, lakini mashitaka yalikuwa juu ya shamba la uongo, na aliyefukuzwa ni Kalulu. Kaka akanijibu: "Sawa, na wewe ulitaka abaki pale, analindwa na wale waliomwiba?" Nikakosa la kusema. Mlima wa mtu mwingine si mahali pa kutunzia urithi wako. Mwenye mlima anahesabu chuma, nafasi, pesa na sifa yake, na siku hesabu ikibadilika anabomoa. Ni haki yake.

Na hapa narudilia ile hati. Yule chura alipoondoka alionekana akimpa mwingine hati mkononi. Kalulu, hati yake nani anayo? Baada ya yale mabishano nilichukua daftari niandike visa vyote vya nkambo. Nkambo amefariki miaka kumi na moja iliyopita. Mimi niliyesoma historia miaka mitano, niliyejaza makaratasi juu ya Bismarck na mkutano wa Berlin, sikuwahi kukaa na daftari karibu naye hata jioni moja. Niliandika visa vinne kamili. Cha tano nakumbuka wimbo tu, kisa chenyewe kimepotea. Nilimpigia kaka, naye anakumbuka viwili ambavyo mimi sikuvijua. Tumefika sita. Nkambo alikuwa na visa vya kumaliza msimu mzima wa mvua.

Binti wa kaka amekwisha kupanda mlima mupya wa Tiana. Anasema ni muzuri, muziki unapendeza. Kila siku ya Mungu, baada ya misa, ananipigia simu na ninamsomea kimoja kati ya vile sita. Wiki iliyopita alinisahihisha mahali pamoja, akasema baba yake anakisema vingine. Nimeandika yote mawili.

Bakubwa na badogo, kama nyumbani kwenu kuna mzee, musingojee. Na kama unakijua kisa cha Kalulu na wimbo wa "nani amekanyaga ngoma ya mfalme", niandikie hapa chini namna kinavyoisha. Ndicho kile cha tano.