Kamba, Kigingi na Kibali: Habari za Ujenzi katika Wilaya za Ngara na Biharamulo



Kamati ya kitabu hiki iliniagiza niandike habari za majengo ya Chama chetu Kikuu, kwa kuwa mwaka huu tunatimiza miaka kumi. Niliposhika kalamu niliona kwamba habari za majengo yenyewe ni fupi: ofisi moja, maghala matatu, na la nne ambalo bado halijainuka kutoka ardhini. Swali nililoulizwa katika mkutano mkuu uliopita ndilo refu. Mzee mmoja wa upande wa Bugufi alisimama akasema, "Bwana Katibu, fedha zetu zimekwenda kwa mpima ardhi, zimekwenda kwa mchora ramani, zimekwenda kwa kibali, na tofali hata moja hatujaliona. Marehemu baba yangu alijenga bila kibali, na nyumba yake i wima hata leo." Wajumbe wakampigia makofi. Siku ile sikuwa na jibu la kumtosha mzee wangu. Leo najaribu tena.

Ni kweli kwamba wazee wetu walijenga bila karatasi, lakini hawakujenga bila kupima. Aliyetaka kujenga msonge alichomeka kijiti mahali pa katikati, akafunga kamba, akazunguka nayo mpaka duara likakutana. Huo ulikuwa upimaji kamili. Tena nyumba yenyewe ilikuwa nyepesi, ya miti na nyasi, nayo ardhi haikuona taabu kuibeba. Mashaka yalianza tulipopenda nyumba za pembe nne na kuta za mawe na matofali. Wajerumani walijenga boma lao pale Biharamulo mwanzoni mwa karne ya 20, na wamisionari wakafuata kwa makanisa na shule. Ukuta wa tofali hauna huruma. Pembe ikipotea kidogo chini, paa hukataa kukaa juu. Na mahali ardhi ilipo laini, ukuta wote hushuka na kupasuka.

Serikali ya Waingereza ilikuwa na kanuni za majengo tangu mwaka 1930, lakini kanuni hizo zilikuwa za miji midogo iliyotangazwa. Mkulima wa mlimani Ngara hakuzisikia. Yeye alipoambiwa mahali pa kujenga aliambiwa kwa njia nyingine, na hapa naona ndipo mizizi ya shaka yetu ilipo. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, kwa sababu ya malale yaletwayo na mbung'o, watu wa sehemu za Biharamulo walihamishwa wakakusanywa katika makazi yaliyochaguliwa na wakubwa. Katika miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji; wengi wenu mnaikumbuka kuliko mimi, niliyezaliwa baadaye. Viwanja viligawanywa kwa mistari mirefu, mara nyingine kwa haraka kiasi kwamba mstari ulipita juu ya mtelemko na juu ya kinamasi bila kuuliza. Na mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni iliyokuwa imejenga barabara. Tuliona kwa macho yetu jinsi mji mzima unavyoweza kupangwa kwa kamba na vigingi katika majuma machache, na jinsi miti ya vilima vyetu ilivyokwisha.

Basi katika kila habari hizo kamba ilishikwa na mtu mwingine. Si ajabu mwanachama akiona kigingi katika ardhi yake moyo wake ushtuke. Mimi simlaumu.

Lakini acheni nieleze kosa langu mwenyewe. Kabla ya kuwa katibu wa Chama Kikuu nalikuwa karani wa chama kimoja cha msingi upande wa Biharamulo. Tulitaka ghala kabla ya msimu. Tulipewa kiwanja kwa maneno ya mdomo, tukamwita fundi, naye akauliza kama ramani ipo. Nikamjibu, "Ramani ni mimi." Wanachama walicheka, na mimi nikajiona hodari. Kwenye kona ya kusini palikuwa na kichuguu kikubwa. Tukakisawazisha kwa majembe, tukachimba msingi futi moja na nusu kila upande, kona ile pamoja na nyingine. Masika ya pili kona ikazama. Ufa ulianza mwembamba kama uzi, ukapanda mpaka kwenye linta, kisha maji yakaingia usiku juu ya magunia ya kahawa. Kahawa iliyolowa hupoteza daraja lake, na bei ikashuka. Hasara ile haikuwa ya fundi wala ya karani. Ilikatwa katika malipo ya wakulima. Wajane wawili walikuja ofisini kuniuliza mbona fedha zao ni pungufu, na nikawaeleza habari za kichuguu. Sijapata kueleza jambo gumu kuliko lile.

Lau tungaliomba kibali, mtu wa halmashauri angalikuja kukiona kiwanja kabla ya jembe la kwanza. Hiyo ndiyo maana ya kibali, ukiondoa mihuri. Mhandisi hutazama kama ukuta utabebwa na ardhi. Afisa mipango hutazama mipaka na njia. Bwana Afya hutazama choo kiko umbali gani na kisima. Najua foleni ni ndefu, na karatasi huweza kulala mezani majuma mengi. Malalamiko hayo ni ya haki, nami nimeyapeleka kwa barua zaidi ya mara moja.

Kwa upande wa vijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inasema kwamba halmashauri ya kijiji haigawi ardhi pasipo idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo kamba sasa imo mikononi mwetu wenyewe, tukitaka kuishika. Muhtasari wa mkutano huo ndio karatasi ya kwanza ya ghala lolote. Vyama vikuu vilipofutwa mwaka 1976, mali zao zilipita katika mikono mingi kabla ya sheria ya 1982 kurudisha ushirika. Asiye na karatasi ana nini cha kuonyesha mambo yanapogeuka?

Jambo jingine ni barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 kuwa mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya njia. Kila mfanyabiashara kati ya Nyakanazi na Rusumo hutamani mlango wake uitazame lami, na ghala letu la nne nusura liwekwe hapo. Mpima ardhi ndiye aliyetuokoa na alama nyekundu ya X.

Sasa nizieleze zile fedha ambazo mzee wetu hakuona tofali lake. Ghala ni mita 20 kwa 10. Kwanza tulivuta kamba ya msingi kutoka mpaka wa kiwanja, kisha tukatafuta pembe kwa njia ya 3, 4 na 5: pima mita 3 kwenye kamba moja, mita 4 kwenye nyingine, na kati ya alama hizo mbili ziwepo mita 5 kamili. Zikizidi au zikipungua, pembe si mraba. Pembe nne zilipopatikana tukapima kutoka kona hadi kona kwa kuvuka katikati, na pande zote mbili zilitoa mita 22 na sentimita 36. Mara ya kwanza hazikulingana. Tulirudia mara tatu, na vibarua walinung'unika. Vigingi vya kudumu tuliviweka nje ya mfereji, zaidi ya mita moja, ili uchimbaji usivile. Usawa tuliupima kwa mpira wa maji, kwa kuwa jicho la mtu wa milimani hudanganywa na mtelemko.

Kuchimba nako kuna adabu yake. Udongo wa juu wenye mizizi huondolewa wote, maana huoza na kunywea. Kisha huchimbwa mpaka ardhi ngumu, wala si mpaka futi zilizozoeleka. Palipo na kichuguu au shimo la zamani, chimba mpaka ukione kitako chake. Kwenye mwinamo, kitako cha mfereji hukatwa ngazi ngazi, kila ngazi tambarare, kwa maana msingi ulioinama huteleza. Kifusi kisirundikwe ukingoni. Kiwekwe mbali kwa sentimita 60 au zaidi, kwa sababu mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu na zaidi, na mtu aliye ndani ya mfereji hana pa kukimbilia. Mfereji ukipita kimo cha kifua, kingo zizuiwe kwa mbao. Kiangazi cha Juni mpaka Agosti ndicho kizuri kwa kazi hii, lakini ndicho pia wakati wa kahawa, na hapo ndipo tamaa ya kukata njia hutuingia.

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliua watu wasiopungua 17 katika mkoa wetu, na nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za kuta dhaifu. Na Kariakoo, Dar es Salaam, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka na kuua zaidi ya watu 20. Walioshuhudia walisema uchimbaji ulikuwa ukiendelea chini yake. Ghala letu halina ghorofa, lakini ndani yake wapakizi watakuwa wamesimama kati ya kuta na magunia.

Kibali kimekwisha tolewa, nacho kimebandikwa ofisini. Kila mwanachama aweza kuja kukisoma. Mfereji umefika ardhi ngumu pande tatu. Upande wa nne, ule wa bondeni, bado tunashuka, na Bwana Mhandisi atakuja kuutazama kabla zege halijamwagwa. Ninao ujumbe mmoja kwa majirani wa kiwanja: Jumanne iliyopita nilikuta mbuzi wawili wamefungwa kwenye kigingi cha kona ya mashariki, nacho kimelegea. Tumepima upya. Tafadhalini wafungeni kwenye mti wa mwembe.